Jani la Amma Sarojini

Mama yake Anup alisema jibu lake atalitoa akishakula.

Hakusema akishafikiri, wala akishasali. Akishakula! Na mimi Frida, mtoto wa Kichaga wa Kibosho, niliyekulia kwenye nyumba ambayo nyama ikikosekana mezani baba anauliza nani kafa, maisha yangu yote ya mbele yakawa yanategemea mlo wa mboga tupu. Mboga ishirini na sita, nilizihesabu mwenyewe. Ng'ombe alihusika kwenye mtindi na samli tu, basi.

Ngoja nikueleze vizuri usije ukanipotea. Anup ni Mhindi wa Kerala, kusini kabisa, kwenye minazi na migomba. Ana miaka minane Ras Al Khor, hapa Dubai, kwenye duka la vipuri vya magari, na kwa kuwa nusu ya wateja wake ni Watanzania na Wakenya wanaonunua injini za kupeleka nyumbani, Kiswahili anakijua. Ila kajifunzia dukani. Siku aliyonitamkia kwamba ananipenda, mimi nilikuwa nimetumwa na ofisi yetu ya mizigo ya Naif kuchukua katoni za plagi. Akaniita pembeni, jasho linamtoka, akasema, "Frida, mimi nataka wewe. Na ujue kabisa, mali ikishatoka dukani hairudishwi." Nilicheka mpaka nikakaa juu ya bampa la watu. Nilirudi Naif nimesahau katoni mbili, bosi akanigombeza, wala sikumsikia.

Miaka miwili tumependana. Na miaka hiyo hiyo miwili mama yake, aliyeko mji wa Thrissur, alikuwa ameshamtafutia mke. Anaitwa Athira, anafanya kazi benki, na nyota zao zimelingana. Picha yake nimeiona. Ni mzuri, nisiseme uongo, na nilimchukia siku tatu bila kupumzika.

Kwa mama yangu nako kulikuwa kunawaka. "Watu wasiokula nyama, Frida? Mbuzi wa ndafu siku ya harusi utamkabidhi nani? Au mtachoma kabichi zima, mlitie na majani mdomoni?"

"Mama, mbona unawahi harusi? Hata sijakubaliwa."

"Wasikukubali wewe kwa lipi? Wana nini hao?" Hapo tena akageuka, akawa upande wangu kwa hasira.

Basi mama Anup alikuja Dubai wiki tatu, akafikia kwa kaka yake, Mjomba Raghavan, kwenye fleti yao ghorofa ya tisa huko Jumeirah Village Circle. Alikuja kusherehekea Onam, sikukuu yao ya mavuno. Jumapili anapanda ndege kurudi. Anup alipomwomba anione kwanza kabla ya kumpa neno mama yake Athira, akajibu: aje Ijumaa, siku ya sikukuu, ale na sisi. Nikishakula na mimi, nitasema.

"Na akisema hapana?" nilimuuliza Anup.

Akaanza kufuta kioo cha simu yake kwa shati.

"Anup, nijibu. Si wewe ndiye wa mali hairudishwi?"

"Frida, baba kafa mimi na miaka tisa. Amma peke yake kauza maziwa nyumba kwa nyumba, kanisomesha mimi. Siwezi kuoa Amma analia. Na siwezi kuoa mtu mwingine. Nitakaa tu hivi hivi, kama gari bila namba."

Nilimnunia siku mbili. Siku ya tatu nikajiuliza, hivi mwanamume asiyejali machozi ya mama yake, yangu atayajali? Nikampigia simu nikamwambia nitakuja, na nitakula mpaka mboga ya mwisho.

*

Ijumaa saa moja asubuhi nilikuwa mlangoni kwao. Chini, mbele ya mlango, walikuwa wamepanga maua, petali za njano, nyekundu na nyeupe, duara kubwa la kupendeza, na ili uingie ndani lazima uliruke. Niliruka vizuri. Kuruka ukiwa na gauni si kazi. Kazi ilikuja baadaye, maana Mama Latha, mke wa mjomba, alinivuta chumbani akanivika sari yao ya sikukuu, rangi ya maziwa, ukingo wa dhahabu, akanifunga kwa pini kumi na moja. Pini ya tisa ilinichoma, nikasema "Yesu!" naye akajibu "Krishna!" tukacheka wote wawili.

Amma Sarojini, mama yake Anup, alikuwa jikoni. Mfupi, mwembamba, nywele nyeupe zimepakwa mafuta zikalala, miwani imening'inia kwa uzi shingoni. Akaivaa ili anitazame, kisha akanitazama kwa juu yake. Macho yale yalianzia kwenye pini ya kwanza yakaishia ya kumi na moja. Akasema kitu kwa Kimalayalam. Nakuandikia hapa kama Anup alivyonitafsiria, ila Kiswahili chake nimekinyoosha.

"Anauliza unaweza kufanya nini," alisema Anup.

Jikoni kulikuwa na boga, maharage, tangawizi, nazi zilizokunwa kilima kizima, na pale kwenye kona mkungu wa ndizi mbichi. Nilipouona ule mkungu roho yangu ilitulia.

"Mwambie namenya ndizi."

"Ndizi atamenya Latha."

"Mwambie Mama Latha apumzike."

Nikajipaka mafuta mikononi utomvu usinigande, nikachukua kisu, nikakaa. Jamani, mimi ndizi nimemenya tangu sijajua kusoma. Kwetu mtu akija kuposa anakuangalia na kisu. Nikachana huku, nikavua huku, ndizi inadondoka kwenye maji, nyingine, nyingine. Nilipoinua kichwa, Amma alikuwa ameacha kukoroga.

"Kwao kuna ndizi?" aliuliza.

"Mwambie kwetu asubuhi ndizi, mchana ndizi, jioni ndizi, na pombe yetu ya ndizi."

"Ya pombe sitamwambia," alinong'ona Anup.

Amma alifuta mikono. Akanisogezea chane nyingine mbili. Nikazimaliza. Akazikata vipande vyembamba, akazitosa kwenye mafuta ya nazi, zikalia na kunukia mpaka nikamkumbuka mama yangu. Kisha akatoa kipande kimoja kwa kijiko, akakipuliza, akakiweka kwenye kiganja changu. Akageukia sufuria yake.

Anup alitoa macho. Akanivuta korido.

"Frida! Amma hajapa mtu kitu kabla ya sala. Hata mimi hajanipa. Hata mjomba!"

"Kwa hiyo ni vizuri?"

"Asilimia sitini!"

"Arobaini iko wapi?"

"Arobaini iko mezani," alisema, akanishika ncha za vidole, haraka haraka, kama anayeiba. Alinukia sabuni na nazi. Sijui kwa nini watu wanasifia pafyumu.

*

Mezani nilikuwa nimejiandaa, usinione hivi. Wiki nzima nilitazama video. Nilijua chakula kinapakuliwa kwenye jani la mgomba na ncha yake nyembamba inakaa kushoto. Nilijua unakula kwa mkono wa kulia tu. Nilijua huanzi mpaka wote wamepakuliwa, na nilijua chumvi na achari zinakaa juu, wali chini. Kitu kimoja tu sikukijua, kwa sababu video zote zilikatika watu wakiwa wanalamba payasam, ule uji wao mtamu wa mwisho. Nikajiambia hakuna shida, nikikwama nitamwiga mtu aliye mbele yangu.

Aliyekuwa mbele yangu, ng'ambo ya meza, ni Mjomba Raghavan. Anup alikaa mwisho wa meza, mbali nami viti vinne, ili tusionekane tuna haraka. Amma na Mama Latha hawakukaa. Desturi yao wanawake wa nyumba wanagawa kwanza, wao wanakula mwisho.

Basi vikaanza kuja. Chipsi zangu za ndizi, zikifuatiwa na nyingine zilizopakwa sukari guru. Tangawizi iliyopikwa na ukwaju, kali, tamu, inakupiga masikio. Kabichi la nazi. Boga na maharage, ambayo ukinifumba macho nitakwambia niko Tanga. Mboga mchanganyiko kwenye mtindi. Wali wenye punje nene, juu yake dengu na samli, papadi, ule mkate wao mwembamba wa kukaanga, ikapondwapondwa humo humo. Kisha sambar, mchuzi wao wa dengu. Amma akipita na ndoo yake ya stili anakuwekea bila kukuuliza, na ukimaliza anaongeza. Mimi nikamaliza, akaongeza. Nikamaliza tena. Nikamwona anamtazama Mama Latha, kama anayesema, huyu anakula.

Mwisho wa meza Anup alikuwa ananitazama. Sisemi alikuwa ananitazama kwa siri. Alikuwa amesahau mkono mdomoni, wali unamdondokea, ananitazama nilivyo na ile sari, na mimi nikasikia moto masikioni ambao haukuwa wa tangawizi. Nilimpenda wakati ule mpaka nikashindwa kumeza.

Payasam ikaisha. Mjomba Raghavan akacheua taratibu, akalikunja jani lake katikati.

Nikalitazama lile jani kwa makini sana. Mjomba alishika nusu iliyokuwa upande wangu, akaivuta ikaja upande wake. Kwa hiyo, nikajiambia, jani linakunjwa kwenda upande wa mjomba. Nami nikashika langu, nikainua nusu iliyokuwa karibu yangu, nikaisukuma kwenda upande ule ule wa mjomba. Nikalilaza vizuri, nikalipapasa lisifunuke. Nikatabasamu.

Mjomba akaacha kujifuta mdomo.

Amma alikuwa nyuma ya mjomba na bakuli la mtindi. Akalitazama jani langu. Akaweka bakuli chini polepole, akasema maneno machache kwa sauti ndogo sana, akaingia chumbani kwake. Mlango ukafungwa, hata haukubamizwa. Bora angebamiza.

"Nimefanya nini?" niliuliza.

Anup alikuwa ameshafika nyuma ya kiti changu, uso umempauka. "Frida, jani ukilivuta kuja kwako, unasema nimeshiba, asante, nitakuja tena. Ukilisukuma kwenda mbele..."

"Nini?"

"Hiyo ni ya matanga. Mtu akifa, tunakunja hivyo. Unasema, nisije kula hapa tena kwa jambo kama hili."

"Nimemzika mama yako?"

"Kidogo."

"Kidogo ndiyo kiasi gani, Anup!"

"Amma kasema, mara ya mwisho kuona jani hivyo mezani kwake ni matanga ya baba."

Nilitamani sakafu ipasuke nishuke mpaka gereji. Mjomba Raghavan alikuwa anatazama jani lake. Mama Latha kashika shavu. Na mimi mbele yangu lile jani limelala, limekunjwa safi kabisa, limepapaswa.

Nikasimama. Nikashika sari kwa mikono miwili, nikaelekea mlangoni.

"Frida, usiondoke! Tafadhali!" Sauti ya Anup ilikatika.

"Siondoki! Nafuata dawa!"

Nikaruka maua ya mlangoni, pekupeku, pini ya nne ikafyatuka.

*

Asubuhi nilipoingia lile jengo nilikuwa nimeliona. Kwenye ukumbi wa chini, kando ya kaunta ya mlinzi, kwenye chungu cheupe kikubwa, limesimama sale, ule mmea wetu wa majani marefu. Sale! Mchaga akiliona popote duniani analijua. Lilikuwa sale la mjini, lina mstari wa njano katikati na vumbi la AC, lakini lilikuwa sale.

Nilikuwa nimeshashika jani moja zuri pale chini ya shina nikasikia, "Wee madam! Unafanya nini hapo?"

Mlinzi alikuwa Mkenya, kibao kifuani kimeandikwa Dancan. Kuisikia lafudhi yake tu nikamshukuru Mungu.

"Kaka, nisaidie. Nataka jani moja."

"Hiyo maua ni ya building. Na kamera ndiyo hiyo hapo juu inakuangalia live. Supavaiza akiona mtu amevaa sari bila viatu anang'oa maua, si mimi ndiyo nitarudishwa Meru?"

"Nimemkosea mama mkwe."

Akanitazama miguu, akanitazama pini iliyoning'inia begani.

"Umemkosea aje?"

"Nimemkunjia jani kama nimemzika."

"Sijaelewa hata kidogo," alisema Dancan, "lakini sura yako inaonyesha ni serious. Kwetu hiyo mti ni ya kuweka mpaka wa shamba. Nyinyi ni ya nini?"

"Ya kuombea msamaha."

Akatazama kamera. Kisha akazunguka, akasimama katikati ya kamera na kile chungu, akajinyoosha akawa mpana kama mlango.

"Moja tu, madam. Moja. Na usirudi hapa tena."

*

Anup alikuwa ameketi sakafuni nje ya chumba cha mama yake, kichwa kwenye mlango. Aliponiona aliinuka kwa haraka akagonga kitasa.

"Gonga," nilimwambia. "Na utafsiri neno kwa neno. Usinifupishie."

Amma alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda ametupa mgongo. Nikapiga magoti. Pini ya saba nayo ikaondoka. Nikalifunga jani fundo katikati, kama bibi alivyonifundisha, nikalinyoosha kwa mikono miwili.

"Amma, kwetu Kilimanjaro mtu akikosa kosa kubwa, haendi na maneno peke yake, kwa sababu maneno kila mtu anayo. Anachukua jani hili, analifunga fundo, anampelekea aliyemkosea. Sijui desturi yako ya kukunja. Lakini kosa ni langu, na nimekukumbusha jambo ambalo mtu hapaswi kukumbushwa siku ya sikukuu. Naomba unisamehe."

Anup akasema maneno manne.

"Mbona umefupisha?"

"Nimeweka ya muhimu."

"Yote yalikuwa ya muhimu! Rudia!"

Amma aligeuza shingo. "Anakugombeza?"

"Ndiyo, Amma."

"Mara nyingi?"

"Kila siku, Amma."

Amma akageuka na mwili mzima. Anup akarudia, safari hii kirefu, na alipofika kwenye fundo akaongeza vya kwake, nilivijua kwa mikono yake. Mama yake akalitazama lile jani lenye fundo na vumbi.

"Na nisipolipokea?"

"Mwambie kwetu hakuna anayelikataa. Ukilikataa sale, lawama inakuhamia wewe."

"Kwa hiyo amekuja kunilazimisha."

Nilikuwa nimechoka, magoti yananiuma, nina mboga ishirini na sita tumboni. "Mwambie ndiyo."

Anup alifumba macho, akatafsiri. Nilisikia friji ya jikoni.

"Muulize," alisema Amma, "kwa nini alikunja vile. Asubuhi alimenya ndizi kama mtu mwenye akili."

"Nilimwiga mjomba. Alivuta jani lake upande wake. Na mimi nikasukuma langu upande wake vilevile. Nilidhani lazima yote yaelekee kule."

Amma alikunja uso. Akachukua foronya ya mto, akaitandaza kitandani, akaikunja kuja kwake. Akaifunua. Akanyoosha shingo, akajaribu kuitazama kutoka ng'ambo, kama mimi nilivyokaa. Akaikunja tena. Kisha mabega yakaanza kumtetemeka. Nilidhani analia, kumbe anacheka, anacheka mpaka miwani inaruka kwenye uzi wake.

"Raghavan!" alipaza sauti kupitia mlangoni. "Ni wewe! Wewe ndiye uliyenizika!"

Kutoka sebuleni mjomba akajibu kwa sauti ya mtu aliyeonewa. Amma akajifuta machozi kwa ncha ya sari. Akanyoosha mkono, akalipokea jani langu. Akaligeuzageuza, akalinusa, akalipangusa vumbi kwa kidole gumba. Hakusema amesamehe.

"Sijala tangu asubuhi," alisema. "Aje anipakulie."

*

Nilimpakulia. Achari nikaiweka upande wa chumvi, akaihamisha mwenyewe bila kunitazama. Mimi alinielekeza nikae ng'ambo ya meza, mbele yake, anione. Lile jani la sale aliliweka kando ya glasi yake ya maji. Anup hakukaa kabisa. Alisimama dirishani ameshika pazia.

Amma Sarojini alikula kila kitu, taratibu, kama hana ndege Jumapili, kama hakuna mtu anayesubiri hatima yake itajwe. Alirudia boga na maharage. Chipsi za ndizi alizimaliza zote. Payasam akaimimina juu ya jani, akaila kwa mkono mpaka tone la mwisho. Kisha akajifuta, akalitazama jani lake, akanitazama mimi.

"Kunja," aliniambia. Hili alilisema mwenyewe, kwa Kiswahili. Sijui alimuuliza mwanawe lini.

Watu wote wakaacha walichokuwa wanafanya. Nikanyoosha mikono. Nimeshafundishwa, nikajiambia, jani linavutwa kuja kwako, Frida, kuja kwako, usikosee tena. Nikashika nusu iliyokuwa kwake, nikaanza kuivuta kuja kwangu.

Kule dirishani Anup aliacha kupumua. Nilimsikia alivyoacha.

Mikono ikasimama. Kuja kwangu ni kwenda mbele kwake! Jani ni lake, si langu. Nikiwa nimekaa huku ng'ambo, kila nitakavyolikunja vizuri kwangu, kwake ni matanga.

Nikaliachia. Nikainuka, nikaikusanya sari pamoja na pini zake zilizobaki, nikaizunguka meza yote, nikapita nyuma ya mjomba, nyuma ya Mama Latha, nikafika kwenye benchi la Amma. Akasogea kidogo, akanipa nafasi. Nikakaa ubavuni pake, bega langu likagusa lake. Kutokea upande ule nikaliona jani kama alivyokuwa akiliona yeye. Nikashika nusu ya mbele, nikaivuta ikaja kwetu, nikailaza.

Amma aliipapasa kwa kiganja, pale pale nilipopapasa.

Mimi nilikuwa nalia, sifichi, machozi yanadondoka juu ya sari ya watu.

Akalichukua lile sale lenye fundo, akalitia kwenye pochi yake ndogo ya kamba, akaifunga. Akamgeukia mwanawe akasema maneno marefu. Anup akafungua mdomo kutafsiri, akaufunga. Akafungua tena.

"Anup, neno kwa neno," nilisema.

"Anasema," alianza, "anasema hili la kwake harudishi, atakaa nalo. Anauliza hapo chini majani mengine yapo?"

"Yapo. Ya nini?"

"Anasema Jumatatu anakwenda kwa mama yake Athira. Anasema yeye ndiye kamkosea sana yule mama, alimpa tumaini miaka miwili. Anasema hajui aende na maneno gani." Akaachia pazia. "Anasema uchume jingine. Ulifunge fundo wewe."

Sikumbuki kama niliruka maua au niliyakanyaga. Nakumbuka Anup ananikimbilia nyuma, nakumbuka lifti, nakumbuka alinishika uso kwa mikono yote miwili kuanzia ghorofa ya tisa mpaka ya tatu bila kusema kitu, yeye ambaye hajawahi kukosa maneno ya kuuzia.

Mlango ukafunguka. Dancan akainua kichwa kutoka kwenye daftari lake la wageni.

"Ah, madam! Si nilisema moja?"

"Kaka Dancan, simama pale pale uliposimama," nilimwambia. "Hili la pili ni la kumwomba msamaha yule anayeachwa. Mimi naolewa."